Baba Yako Alikuwa Hai

Awuor mwanangu,

Umeenda mtaa wa Highrise kuwaaga wenzako, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako. Nimelifungua mara mbili nikitafuta la kuongeza, nikalifunga tena. Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika, ya kutokubali mtu usiyemjua akushikie fidla, shangazi yako ameshayasema yote, na ameyasema mpaka ukacheka. Hapo sina langu. Nimekaa kuandika yale ambayo tumeishi nayo ndani ya chumba hiki bila kuyagusa, kama watu wanaoruka maji machafu mlangoni kila asubuhi hadi wanasahau kwamba wanaruka.

Acha nianzie pale ukumbini nyuma ya soko la Toi, siku ile mradi wa muziki ulipokuwa ukiandikisha watoto. Ulikuwa na miaka tisa. Watoto walikuwa wengi na fidla zilikuwa chache. Kila mmoja alipewa ajaribu kidogo, na wenzako wakawa wanazikwaruza kama mtu anayeparua sufuria iliyoungua. Wewe uliinamisha kichwa, ukavuta upinde polepole, sauti moja tu, ukaisikiliza hadi ikaisha. Nilikuona. Papo hapo nikaamua kwamba kitu hicho lazima kiwe chako, na sikujali kitapatikana vipi.

Madam Ruth, ambaye ndiye mkurugenzi hadi leo, alikuwa akizungumza na wazazi mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika akaniuliza mengi, kisha akasema, "Na baba yake?"

Unajua hali ilivyokuwa. Mimi na baba yako tulikuwa tumeachana. Odera alikuwa amehamia Kawangware, anapiga gitaa baa usiku na kulala mchana, na mimi nilikuwa nimejaa hasira hadi sikutaka kutaja jina lake. Nikajibu, "Hatunaye."

Ningeweza kusema tumeachana. Ningeweza kusema anakaa Kawangware. Nilisema hatunaye, kama watu wanavyosema kwenye matanga. Madam Ruth akaweka kalamu chini, akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mama." Nami nikainamisha kichwa. Kwa miaka mingi nimejitetea moyoni kwamba sikusema amekufa. Ni kweli sikusema. Niliuacha tu mkono wangu ushikwe.

Tukirudi nyumbani nikakuambia, "Watu wa muziki wakikuuliza kuhusu daddy, sema hayupo."

"Lakini alinipigia jana. Amesema atakuja Jumapili na mandazi."

"Najua. Wewe sema hayupo, halafu unyamaze."

Ukaniuliza, "Kwa hivyo ni siri ya watu wa muziki tu?"

Nikasema ndiyo, na nikafurahi kwamba umeelewa haraka. Mtoto akielewa haraka jambo la namna hiyo, mzazi mwenye akili angeogopa.

Sitamfanya baba yako malaika kwa sababu yuko kaburini. Alikunywa. Aliondoka nyumbani akarudi, akaondoka tena, na mara ya mwisho nilimfungia mlango. Kuna Krismasi ulimngoja na nguo zako mpya hadi zikakunjika ukiwa umelala nazo. Hayo yalitokea na wewe unayakumbuka kuliko mimi. Lakini nilikosea kudhani kwamba kwa sababu alikuwa mume mbaya, basi naweza kumfuta kwa neno moja.

Na muziki wake nilioudharau ndio uliokuwa ukitulisha nilipoolewa. Mluo wa Siaya, akiwapigia Wakikuyu wa Kawangware nyimbo zao za mugithi na gitaa lake moja, hadi wakamwita Kamau kana kwamba ni mmoja wao. Wakichoka anawapeleka kwenye rumba. Akiingia Mluo mwenzake anageukia benga ya kwao, na kama kuna Mluhya amekaa peke yake kwenye kona, anamtafutia wimbo wa kwao pia. Jumapili asubuhi yuko kanisani na macho mekundu, akipiga nyimbo za injili. Mimi niliita hiyo tabia ya mtu asiye na msimamo. Sikujua ni masomo.

Kila Jumamosi ulienda kwake Satellite, huko huko Kawangware, kwa sababu mimi nilikuwa Toi na marobota yangu ya mitumba, na siku hiyo ndiyo soko. Nilidhani unakula na kulala. Siku moja ukarudi na fidla inanuka moshi wa nyama choma. Jumamosi iliyofuata nilimwachia jirani meza yangu nikakufuata. Nikakukuta nyuma ya baa, mchana, wateja wachache tu wamekaa. Baba yako alikuwa na gitaa, wewe umesimama na fidla, na mlikuwa mnapiga ule wimbo wa kizungu uliokuwa ukiufanyia mazoezi hapa nyumbani kutoka kwenye karatasi. Lakini haukuwa ule. Ulikuwa umelegezwa, umevaa viatu vingine.

Nikamsikia akikuambia, "Usiangalie vidole vyako, nyara. Mwangalie yule mzee. Unaona mguu wake? Umechoka. Mpelekee polepole."

Nyara, binti yangu, kwa lugha ya kwao. Ukamtazama mzee, ukapunguza, ukapinda sauti kidogo pale mwisho, na yule mzee akafumba macho.

Nilipaswa kuingia, nivute kiti nikae. Niliingia nikakushika mkono nikakutoa nje. Nikakuambia barabarani, watu wakisikia, "Unataka kupoteza nafasi yako kwa sababu ya mlevi?" Baadaye ukaendelea kwenda, ukijificha, na mimi nikajifanya sijui. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kila mmoja akimfichia mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua.

Mwalimu wako wa fidla alikuja siku moja hadi kwenye meza yangu sokoni. Akapangusa jasho, akasema, "Mama Awuor, huyu msichana anapiga vitu sijamfundisha. Nikimpa wimbo, anaupiga sawasawa kama ulivyoandikwa, halafu anaupiga tena kwa njia yake. Nikimuuliza ametoa wapi, ananyamaza. Kuna mtu anapiga muziki nyumbani?"

"Hakuna."

Akaniangalia kidogo. "Basi ni kipaji."

Nikatembea na hilo neno wiki nzima nikiwaambia watu. Kazi ya mtu aliyekaa na wewe kila Jumamosi nikaipa jina la kipaji. Na ule unyamavu wako niliouona kuwa adabu, Awuor, haukuwa adabu. Nilikuwa nimekufundisha kwamba ukiulizwa swali kuhusu mambo unayoyapenda, unafunga mdomo.

Halafu likaja lile tamasha la kwanza la wafadhili. Nilikuwa nimemkataza baba yako asije. Alikuja. Alivaa shati jeupe, sijui aliliazima kwa nani, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Ulipopanda jukwaani, mtangazaji akachukua kipaza sauti akasema kwamba msichana huyu kutoka Kibera alifiwa na baba akiwa mdogo, lakini tazameni alipofika. Watu wakasema aah, kwa ile sauti ya huruma. Sikugeuka kumtazama. Nilijua yuko pale na sikugeuka.

Ulipomaliza nikamkuta baba yako nje getini. Nilitegemea anitukane. Akasema kwa upole, "Mama Awuor, nilikufa na nini?"

Nikaanza kueleza kwamba walielewa vibaya, kwamba sikusema hivyo. Akanikatiza.

"Niambie tu. Nisije nikajichanganya nikiulizwa."

"Sikusema ugonjwa."

"Basi sema ni ajali. Ugonjwa watauliza kama mtoto anao." Akawasha sigara. "Amepiga vizuri. Umeona pale katikati alivyongoja kabla ya kuingia? Hapo nilimwonyesha mimi."

Nikamwambia nitaenda nirekebishe. Akatikisa kichwa. "Na wakimwondoa? Acha. Nikiwa hai sijamfanyia mengi. Acha nimfanyie hili nikiwa nimekufa."

Nikaacha. Niliona ni yeye ameamua, nikapumua. Tangu siku hiyo akawa anakuja kwenye matamasha yako kama mjomba, anapiga makofi kwa kiasi, na ukishuka jukwaani anakusalimia kwa mkono. Nilikuwa nakuona ukimpa baba yako mkono kama mgeni. Ulikuwa unakaza shingo. Nilidhani utazoea.

Ugonjwa wake unaujua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukienda hospitalini na chupa ya uji. Mliyoongea huko sikuuliza, na hata sasa siulizi. Mimi nilienda mara moja. Alikuwa amekwisha, mikono imebaki mifupa, lakini vidole vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya shuka kama vinatafuta nyuzi. Aliniambia, "Usimkasirikie akipotea kwenye wimbo. Hapotei." Nikasema sawa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Alikufa Alhamisi. Ndugu zake wakaamua mwili uondoke Jumamosi asubuhi kwenda Siaya. Na Jumamosi hiyo hiyo mchana ndilo lilikuwa tamasha kubwa, wale wageni wa chuo cha ng'ambo wamekuja kukusikiliza wewe, na tulikuwa tumelingojea mwaka mzima.

Ulikuwa umesimama pale pale kitanda changu kilipo, umeshaweka nguo kwenye mfuko. Ukasema, "Mum, nampigia Madam Ruth. Naomba ruhusa niende nimzike daddy."

Nikakuuliza, "Utamwambia umefiwa na nani?"

"Na baba yangu."

Na mimi nikasema, "Baba yako alishakufa, Awuor."

Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu. Nimepiga mtu, nimeiba kidogo wakati wa njaa, nimemwombea mabaya mwanamke mwenzangu kanisani nikiwa nimepiga magoti. Ukiyaweka yote upande mmoja, sentensi hiyo ni nzito zaidi. Niliisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha kwamba unga umeisha. Ukanitazama. Ukatoa nguo kwenye mfuko moja moja ukazikunja. Halafu ukachukua fidla ukaanza kukaza nyuzi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa safu ya tatu na gauni la kuazima. Mlianza vizuri, wewe mbele na okestra nyuma yako, na nikaanza kujiambia kwamba nilifanya jambo la busara. Kisha mkafika pale kwenye wimbo ambapo wengine wote hunyamaza na wewe unaachwa peke yako upige. Mwalimu wako aliwahi kunieleza kwamba zamani wapigaji walitunga hapo papo hapo, kila mtu na lake, lakini siku hizi wengi hupiga kilichoandikwa. Nimekusikia ukikifanyia mazoezi mara nyingi hadi ninaweza kukiimba.

Ulianza nacho. Kisha ukakiacha.

Mwanzoni nilidhani umesahau. Mwalimu wako pia, kwa sababu alisogea mbele kwenye kiti. Sauti ikashuka chini kabisa, ikawa mbaya, ya kukwaruza, halafu ikapanda ikiwa imepinda, na hapo nikaujua. Ni wimbo ambao baba yako aliuimba walipomzika babu yako, mimi nikiwa na mimba yako, nimesimama jua kali pale bomani kwao Siaya. Wanaume huuimba wakimfuata maiti. Ukauimba na fidla mbele ya watu wote wale, ukauchanganya na mugithi wake na benga yake na wimbo wa kanisani, kisha ukaurudia wenyewe, mtupu. Uso wako haukuwa na kitu. Ulikuwa unamzika. Gari lililombeba wakati huo lilikuwa njiani, labda limefika Nakuru, na wewe ulikuwa unamzika palepale jukwaani, na hakuna aliyejua ila mimi.

Kisha ukapandisha sauti, ukawarudisha wenzako kwenye wimbo kama kwamba hamkuwahi kutoka.

Watu walisimama. Mama mmoja kati ya wale wageni wa ng'ambo alikuwa akifuta machozi, akakujia mbio, akakuuliza ulichopiga pale katikati ni nini. Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ukanitazama mimi kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa, na mimi nikatazama chini.

Ukamwambia, "Ni kitu tu kimenijia."

Hapo ndipo ulipopata chuo. Kila mtu Kibera anasema ni baraka, na mimi naitikia amina.

Tangu siku hiyo hujanikosea adabu hata mara moja. Unaosha vyombo, unaniambia "sawa mum", unaniuliza kama nimekula. Ningependa ungenipigia kelele. Mwenye ile baa aliniambia ulienda baada ya mazishi ukapiga hadi giza likaingia, na hakuna aliyeagiza kitu. Mimi hukunialika, na sikustahili.

Wiki hii nilifanya jambo ambalo hujui. Nilienda ofisini kwa Madam Ruth. Nilikuwa nimejipanga, nimekunywa chai mara mbili ili nisiishiwe nguvu. Nikamwambia, "Madam, baba yake Awuor hakufa zamani. Amekufa mwaka huu. Nilikudanganya."

Akaniambia, "Keti, Mama Awuor." Akafunga mlango. "Tulijua."

"Tangu lini?"

"Zamani. Mwalimu wake aliwaona Kawangware wakipiga pamoja. Wanafanana. Hata huhitaji kuuliza."

"Mbona hamkusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka. "Wafadhili walikuwa wameshaipenda hadithi yake. Mtoto anaendelea vizuri. Tukaona, ya nini kuvuruga?"

Nilitembea kutoka pale hadi Toi bila kuona ninakokanyaga. Mimi nilijua. Baba yako alijua. Mwalimu alijua, Madam Ruth alijua. Tulijua sote, watu wazima, na tukamwachia mtoto peke yake kazi ya kunyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekutoa huko, na mlango ulikuwa wazi wakati wote.

Nilitaka kuandikia hicho chuo niwaeleze. Shangazi yako alikuwa ameshashika simu aniandikie kwa Kiingereza. Nikamwambia aache. Ningeandika, ningekuwa nakuamulia tena, mara hii nikijiita mkweli. Kwa hivyo sikuandika. Huko wameandikiwa kwamba wewe ni yatima wa baba tangu utotoni. Ukitaka kuwaambia alikuwa nani na alikufundisha nini, waambie. Ukitaka kumweka kwako mwenyewe, mweke. Unyamaze ukipenda, lakini unyamavu huo uwe wako. Ule wangu nauchukua.

Sikuombi unisamehe. Nimeona watu wakiomba msamaha pale uwanja wa ndege, mwenzao hana pa kukimbilia na kila mtu anatazama, na msamaha wa namna hiyo ni kama kumnyang'anya mtu. Kaa na hasira yako kadiri inavyokufaa. Ikiwa itakusaidia kupiga, ipige. Usiku mwingine itakuchosha, na huko ni baridi, na sitakuwepo kukufunika.

Jambo la mwisho. Nyanya yako Siaya ameapa hataki kusikia jina lako. Amewaambia watu kwamba msichana wa Nairobi aliona aibu kumzika baba yake, akabaki mjini akipigiwa makofi. Hukuniambia, lakini nilisikia kutoka kwa amu yako. Kesho ukishapita ule mlango wa wasafiri, sirudi Kibera. Nitapanda basi la kwenda huko. Najua watanipokeaje, mimi si mke tena katika boma lile, na wanaweza kunikataza hata kuvuka ua. Nitasimama nje kama ni lazima, hadi atoke. Nitamwambia kwamba mjukuu wake alikuwa ameshafunga nguo zake aje, na kwamba mimi, mama yake, ndiye niliyemwambia hana baba wa kuzika.

Mamako,
Jescah